Kukalia maji ya uvuguvugu baada ya kushonwa au ukiwa na bawasili

Mama aliyeshonwa msamba baada ya kujifungua mara nyingi huondoka wodini na agizo moja fupi: ukifika nyumbani, kalia maji ya chumvi. Maji yawe ya moto kiasi gani, chumvi iwe kiasi gani, akae muda gani, hayo anaachiwa ayapate kwa jirani. Ndipo wengine wanaungua, wengine wanatia Dettol, na wengine wanaacha kabisa kwa sababu siku ya kwanza waliwashwa mno. Tiba yenyewe ni rahisi na inasaidia kweli, mradi vipimo vifuatwe.

Kazi ya maji ya uvuguvugu ni kulegeza misuli na kupunguza maumivu. Kwa mwenye mpasuko kwenye njia ya haja kubwa jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Msuli wa ndani unaofunga njia hiyo hukaza kwa sababu ya maumivu. Ukikaza, damu haifiki vizuri penye mpasuko. Mpasuko haufungi, na haja inayofuata inauchana upya. Joto la nyuzi 40 hivi huulegeza msuli huo. Mwenye bawasili iliyovimba na mama mwenye nyuzi msambani hupata nafuu vilevile. Lakini maji hayatibu fangasi, kisonono, kaswende wala maambukizi ya njia ya mkojo. Ukiwa na muwasho, uchafu wenye harufu au vidonda, nenda ukapime.

Saa 24 za kwanza baada ya kujifungua ni za baridi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, iwekwe juu ya msamba dakika 10, iondolewe, irudiwe baada ya saa moja au mbili: hiyo hupunguza uvimbe. Usiiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Maji ya uvuguvugu yaanze siku ya pili.

Beseni na usafi wake

Tafuta beseni pana, la plastiki nene, ambalo kitako chake kinakaa sawasawa sakafuni. Beseni jembamba hupasuka ukilikalia, na plastiki iliyopasuka inakata. Beseni dogo nalo lina ubaya wake: makalio yananing'inia, ukingo unabana mapaja, na damu inajaa pale pale penye uvimbe. Ukikaa, uzito wote uwe kwenye kitako cha beseni, usiwe kwenye ukingo. Kama panauma kukalia plastiki tupu, kunja kipande cha kanga safi uweke ndani. Kifuliwe kila baada ya kutumika. Wenye choo cha kukaa wanaweza kununua duka la dawa bakuli maalumu linalowekwa juu ya sinki la choo. Inua kwanza kiti cha choo, kisha libonyeze kwa mkono uone kama linayumba.

Beseni hili liwe la kazi hii peke yake. Lisifuliwe nepi, lisioshewe vyombo, lisiazimwe. Kabla na baada ya kila matumizi lioshe kwa sabuni na ulisuuze. Mara moja kwa siku liloweke dakika 10 kwa jiki, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, kisha lisuuze mpaka harufu iishe, ulianike juani. Jiki ni ya beseni. Kwenye maji ya kukalia isiingie hata tone.

Kupata joto sahihi bila kipimajoto

Lengo ni nyuzi 37 hadi 40, na kina cha sentimita 8 hadi 10 ukiwa umeshakaa. Kwa beseni la kawaida hiyo ni kama lita 8. Anza na maji ya baridi, kisha ongeza yaliyochemka, ukoroge mpaka chini. Ukianza na ya moto, plastiki hushika joto, na ukiteleza kabla hujachanganya umeungua.

Kiasi cha maji ya moto kinategemea unakoishi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako maji ya bomba tayari yana joto, lita 1 na robo ya maji yanayochemka kwa lita 6 na robo tatu za baridi inatosha. Njombe au Limuru asubuhi ya baridi utahitaji lita 2 na robo kwa lita 5 na robo tatu. Usiamini viganja vyako, hasa kama vimezoea sufuria na jembe. Tumbukiza kiwiko au upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa sekunde 10. Ukisikia raha, yako sawa. Ukitaka kuutoa mkono, yamezidi. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asipime mwenyewe. Apimiwe na mtu mwingine.

Maji ya kisima, mto au yaliyokaa kwenye pipa yachemshwe yote kwanza, yatokote dakika moja, yafunikwe yapoe. Yale yaliyopoa ndiyo yawe maji yako ya baridi.

Chumvi si lazima. Mwaka 1988 ulichapishwa Uingereza utafiti wa akina mama 1,800 waliojifungua: wengine walioga maji yenye chumvi, wengine yenye Savlon (dawa ya kuua vijidudu), wengine maji matupu. Vidonda vilipona sawa. Kama umeambiwa utie chumvi na unapenda, weka ya mezani, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, ikoroge iyeyuke yote. Ukizidisha, kidonda kinawaka na ngozi inakauka. Dettol, shabu, magadi, siki, ndimu, mwarobaini na sabuni zenye manukato viache kabisa. Ngozi ya sehemu hizo ni laini. Dawa ya kuua vijidudu inayofaa sakafu huichubua, na ngozi iliyochubuka ndiyo inayoingiza maambukizi.

Kukaa, kuinuka, kujikausha

Nawa mikono, kojoa, badilisha pedi. Weka beseni karibu na ukuta au kitanda kizito cha kushika, na hakikisha sakafu imekauka. Shuka taratibu, makalio ndani ya maji, miguu nje, magoti yametengana kidogo. Kaa dakika 10 hadi 15. Hakuna haja ya kusugua, kuingiza vidole wala kuyasukuma maji ndani ya uke. Uke hujisafisha wenyewe, na kuosha ndani huvuruga vijidudu vinavyoulinda. Maji yakipoa, toka. Asimiminiwe mtu maji ya moto akiwa amekaa, hata kidogo.

Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha, na moja kati ya hizo iwe baada ya haja kubwa. Kuloweka nusu saa hakuongezi faida: ngozi hulainika mno.

Wakati wa kuinuka ndio wa hatari zaidi. Joto hutanua mishipa, damu inashuka chini, na mama aliyepoteza damu siku mbili zilizopita anaweza kuona giza na kuanguka. Siku za mwanzo awepo mtu mlangoni. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama wima. Ukisikia kizunguzungu, moyo ukienda mbio au jasho jembamba likitoka, rudi ulale chini.

Jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Lala dakika chache bila nguo upate hewa, kisha vaa pedi mpya na chupi ya pamba. Kunywa maji ya kutosha na kula mboga, maharage na matunda; choo kigumu kinaharibu kwa dakika moja kazi ya siku nzima.

Kuhusu kukandwa

Pwani, mama hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, na bibi au shangazi anayekanda hufanya hivyo kwa mapenzi. Mwambie kwa heshima kwamba mgongo na miguu anaweza kuvikanda kwa maji ya joto la wastani, ila msamba usimwagiwe wala usikandwe. Tumbo la aliyefanyiwa upasuaji lisiguswe. Maji yanayochoma hayatoi damu chafu. Mji wa mimba hujikaza wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Kujifukiza kwa kukaa juu ya sufuria inayotoa mvuke nako kumeunguza wanawake, maana mvuke huunguza kuliko maji ya uvuguvugu na huwezi kuupima kwa kiwiko.

Acha maji uende kituo cha afya

Nenda siku hiyohiyo ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu ya uzazi yenye harufu mbaya, usaha, kidonda kilichoachana, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, usisubiri asubuhi. Mjamzito ambaye chupa yake ya uzazi imepasuka asikalie maji kabisa, aende hospitali. Uvimbe mgumu wenye joto kando ya njia ya haja kubwa huwa ni jipu, na jipu hupasuliwa. Damu kwenye choo ikiendelea zaidi ya wiki moja, usiendelee kuiita bawasili kabla hujapimwa.

Na kama mkojo au kinyesi vinavuja bila wewe kujua baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Hakuna maji yatakayoiziba, lakini upasuaji unaitibu, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake wenye fistula bila malipo. Ukiwahi kufika kituoni, tundu dogo huweza kuziba kwa mpira wa mkojo tu, bila kupasuliwa.