Jinsi ya Kupoza na Kunasa Atomu za Rubidi kwa Leza

Anayeanza kazi hii ni vyema achague rubidi 87, aina mojawapo ya atomu za metali ya rubidi, kwa kuwa mwanga inaoufyonza, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, hupatikana kutoka kwa leza ndogo za diodi. Jicho huuona mwanga huo kwa shida sana hata ukiwa mkali, kwa hiyo miwani ya kinga ivaliwe kabla ya leza yoyote kuwashwa.

Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayofyonzwa hubadilisha mwendo wa atomu kwa takriban milimita 6 kwa sekunde. Ni msukumo mdogo, lakini atomu moja inaweza kuupokea mara zaidi ya milioni 10 katika sekunde moja. Ili msukumo huo upunguze mwendo, yaani upoze atomu, badala ya kuuongeza, shusha masafa ya leza (idadi ya mawimbi kwa sekunde) takriban megahezi 12 chini ya yale ambayo atomu iliyotulia huyafyonza. Atomu inayoukabili mwale itauona mwanga ukiwa umepanda masafa, itaufyonza zaidi na kurudishwa nyuma. Hatua hii ndiyo itakayokula siku nyingi, maana upana wa masafa ambayo atomu inayakubali ni megahezi 6 tu, na leza ambayo masafa yake hayajafungwa kwenye yale ya mvuke wa rubidi uliomo katika kichupa cha kulinganishia haiwezi kutulia humo.

Leza ya pili ni ya lazima. Mara chache atomu huangukia hali nyingine ya nishati ya chini, iliyo mbali kwa gigahezi 6.8, ambako leza ya kwanza haiigusi tena. Bila mwanga wa kuirejesha, mtego hubaki mtupu.

Ombwe la chemba ambamo atomu zitanaswa lifikie takriban sehemu moja katika trilioni ya kanieneo ya angahewa. Pitisha humo jozi tatu za miale zinazokutana katikati, kila mwale ukiwa umepitishwa kwenye kibati cha robo-wimbi, kipande cha kioo maalumu kinachofanya mtetemo wa mwanga uwe wa kuzunguka. Mwanga peke yake hupunguza mwendo lakini haushikilii kitu mahali pake, na ndiyo sababu huwekwa koili mbili zenye mikondo inayozunguka kinyume, ili uga wa sumaku uwe sifuri katikati na uongezeke kwa takriban gausi 10 kwa kila sentimita. Wingu lisipoonekana kwenye kamera ya infraredi, geuza mkondo wa koili zote mbili kabla ya kulaumu leza.

Kupima jotoridi, zima miale na koili, kisha upige picha za wingu linavyotanuka baada ya milisekunde chache. Nadharia ya Doppler, yaani ya upozaji huu unaotegemea masafa kubadilika kwa mwendo wa atomu, huweka kikomo cha mikrokelvini 146 (sehemu 146 za milioni za kelvini juu ya sifuri halisi) kwa rubidi, lakini kikomo hicho kinaweza kuvukwa, kama kundi la mwanafizikia William Phillips lilivyoonyesha kwa sodiamu mwaka 1988: zima koili kwanza, shusha masafa zaidi, punguza nguvu ya mwanga, na uache miale kwa milisekunde chache kabla ya kupima.