Jinsi ya kutunga kitabu cha picha cha dinosauri kinachogusa wasiwasi wa mtoto

Wengi wakitaka kutunga kitabu cha dinosauri wanaanza na mchoro, wanachora dinosauri mzuri wa kijani mwenye macho makubwa halafu ndo wanatafuta kisa cha kumvalisha. Mi naona hapo ndo mambo yanaharibika, maana anakuwa mtoto wa binadamu aliyevaa ngozi ya dinosauri, ukimtoa ukaweka sungura kisa hakibadiliki hata chembe. Ninachofanya mimi ni kuanza na wasiwasi, kisha namtafuta dinosauri ambaye mwili wake wenyewe unaubeba ule wasiwasi. Twende taratibu, nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho ili uone.

Hatua ya 1: Tafuta wasiwasi mmoja, tena mdogo

"Kuogopa giza" ni kubwa mno. Mtoto anaogopa ile nguo iliyotundikwa nyuma ya mlango ambayo taa ikizimwa inaota mabega. Hapo sasa una kitu cha kuchora. Kwa hiyo kaa na watoto, usiwahoji, we cheza nao tu na usikilize, na ukisikia kitu kiandike kwa maneno yao yaleyale usiyanyooshe. Utapata mengi: kuachwa mlangoni siku ya kwanza ya shule, kukojoa kitandani, kuwa wa mwisho kuchaguliwa kwenye timu, kusingiziwa, mama kujifungua mtoto mwingine.

Mimi nilichukua jino linalocheza. Nilidhani watoto wanaogopa maumivu, kumbe mmoja akaniuliza, "nikilimeza je?" na mwingine akasema, "likitoka nitabaki na shimo mpaka lini?" Maumivu hakuna aliyeyataja. Ningeandika kwa kubuni kichwani ningekosea kabisa.

Hatua ya 2: Chagua dinosauri kwa mwili wake

Hapa usikimbie, hii ndo hatua inayoamua kila kitu. Soma kuhusu dinosauri halisi, visukuku (mabaki yao ya kale yaliyogeuka mawe) vimetuachia mambo mengi ambayo ukiyatazama kwa jicho la mtoto ni visa tayari.

Mtoto anayeona aibu kwa sauti yake, mpe Parasaurolophus, ana upembe mrefu kichwani ulio na mirija ndani na wanasayansi wengi wanaona ulisaidia kutoa mlio. Mtoto anayejiona mdogo kuliko wote, mpe wale wenye shingo ndefu, watu wazima wao walikuwa wakubwa kupita wanyama wote waliowahi kutembea nchi kavu lakini mayai yao makubwa ni kama mpira wa miguu hivi, mengine madogo zaidi. Anayefumba macho akiogopa, kuna Euoplocephalus, huyo alikuwa na mfupa hadi kwenye kope!

Na yule aliyesingiziwa, jamani, huyo ana Oviraptor. Kisukuku chake kilipatikana Mongolia karibu na mayai, mwaka 1924 akapewa jina lenye maana ya mwizi wa mayai kwa kuwa walidhani mayai ni ya mnyama mwingine. Miaka ya 1990 ndo ikaonekana mayai kama yale ni ya jamii yake mwenyewe, maana yake huenda alikuwa anayalinda. Lakini jina halikubadilishwa, mpaka leo anaitwa mwizi. Mtoto aliyewahi kuambiwa "ni wewe" wakati si yeye ataelewa hicho kisa kabla hujamaliza kusoma.

Kwa jino nilimchukua T. rex, yaani Tyrannosaurus rex, yule mla nyama mkubwa, na sababu ni mbili. Kwanza meno yake yalikuwa yanang'oka na kuota mengine maisha yake yote, hakuwa na meno ya utoto na ya ukubwani kama sisi. Pili, mikono yake ilikuwa mifupi haifiki mdomoni. Hebu fikiria, una jino linacheza na huwezi kulishika! Kazi yote inabaki kwa ulimi. Mhusika wangu Tuku alizaliwa hapo.

Hatua ya 3: Tengeneza kitabu cha mfano kabla ya kuandika

Chukua karatasi 8, zikunje katikati, zichomeke moja ndani ya nyingine, unapata kurasa 32. Vitabu vingi vya picha vina idadi hiyo kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Ukitoa kurasa za jina la kitabu na haki miliki unabaki na mifunuo 12 mpaka 14, yaani kurasa mbili zinazotazamana, na kisa chako chote kinaishi humo.

Andika kwa penseli kila mfunuo una nini, sentensi moja tu. Halafu fungua kitabu kama mtoto anavyofungua. Jiulize kwenye kila ukurasa wa kulia, kuna kitu kinamfanya atake kugeuza? Swali liwe kulia, jibu liwe nyuma yake. Kitu cha kutisha pia kiweke mahali ambapo kinaisha haraka, mi niliwahi kuweka pango jeusi likachukua mifunuo mitatu mfululizo na mtoto niliyekuwa namsomea akaweka kiganja juu ya ukurasa akaacha kusikiliza. Sasa hivi giza nalipa mfunuo mmoja, basi.

Hatua ya 4: Andika, kisha futa

Lenga maneno chini ya 500, mengi yatakufa na ni sawa. Chochote ambacho picha inakisema, kitoe kwenye maneno. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi:

"Tuku alikuwa na wasiwasi mwingi sana kwa sababu jino lake la mbele lilikuwa linacheza na aliogopa kwamba litang'oka."

Ikaishia hivi:

"Asubuhi Tuku hakula. Mchana Tuku hakula. Ulimi wake ulikuwa na kazi."

Jino halijatajwa, lipo kwenye picha limeinama upande na ulimi unalisukuma, mtoto ndo analigundua na ukimsomea atakuambia yeye kabla yako. Neno wasiwasi nalo nimelitoa, kutokula kunatosha.

Kingine, usimlete mtu mzima atatue. Mama akija na "usiogope mwanangu, litaota jingine" kisa kimeisha na mtoto hajaamini, maana hayo maneno keshaambiwa nyumbani. Tuku anatakiwa alione mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mfunuo wa nane anajikwaa kwenye kitu njiani, ni jino, kubwa kama ndizi. Anatembea kidogo, lingine. Anainua kichwa, njia nzima ina meno yaliyodondoka ya T. rex wenzake. Hii sijaibuni hewani, meno yaliyodondoka ni kati ya visukuku vya dinosauri vinavyookotwa sana.

Hatua ya 5: Picha

Kama si mchoraji, mpe mchoraji nafasi yake, usimwandikie kila jani. Ila haya msiyakosee, watoto wa miaka mitano wanayajua na watawaumbua: T. rex ana vidole viwili kila mkono, mwili wake uko mlalo, hasimami wima kama mtu, na mkia uko juu hauburuzwi. Stegosaurus asionekane naye, huyo aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita na T. rex yupo mwishoni kabisa, karibu na miaka milioni 66 iliyopita. Wale warukao wenye mabawa ya ngozi si dinosauri.

Hisia usizirundike usoni, dinosauri ana mkia, utumie. Tuku akiwa na hofu mkia wake unajikunja miguuni, akiokota jino la kwanza ncha tu inanyanyuka, na mtoto anaisoma hiyo bila kuambiwa.

Hatua ya 6: Wasomee, halafu nyamaza

Soma kitabu cha mfano kwa sauti kwa watoto wachache, si lazima picha ziwe zimekamilika, michoro ya penseli inatosha. Usiulize "mmependa?" watasema ndiyo ili wakufurahishe. Angalia wapi wanaangalia pembeni, hapo fupisha. Angalia wapi wanarudisha ukurasa nyuma, hapo usiguse. Na wewe ukijikwaa na sentensi ileile mara mbili, ina kasoro hata kama kwenye karatasi inapendeza.

Kisa changu kilikuwa kinaishia jino la Tuku linadondoka, analiacha njiani pamoja na yale mengine. Nikafunga kitabu. Binti mmoja aliyekuwa na pengo mbele akauliza, "na mama yake ana pengo?"

Sikuwa nimefikiria, na jibu ni ndiyo, T. rex mkubwa naye meno yalikuwa yanamtoka. Nikarudi nikafuta maneno yote ya ukurasa wa mwisho, nikachora mama amefungua mdomo wote, na Tuku amesimama chini yake anachungulia, anahesabu mapengo.