Kiwanda Kidogo cha Mvinyo: Anza na Chupa, Kisha Rudi Shambani

Wengi wanaoanzisha kiwanda kidogo cha mvinyo hutafuta kwanza ardhi na miche, nami naamini huko ni kuanzia mwisho. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: kwa mwaka mmoja utauza chupa ngapi, na utamuuzia nani? Tani moja ya zabibu hutoa takriban lita 600 hadi 700 za mvinyo, hivyo chupa moja ya mililita 750 huhitaji kilo 1.2 hivi. Anayetarajia kuuza chupa 10,000 atahitaji tani 12, ambazo zinaweza kutoka kwenye hekta 2 zinazozaa tani 6 kila moja. Akipanda hekta 5 kwa sababu tu ardhi ipo, atajikuta na matangi yaliyojaa mvinyo usio na mnunuzi wakati mavuno mengine yanasubiri nafasi.

Hesabu ya pili ni ya muda. Mzabibu huanza kutoa mavuno ya maana katika mwaka wa 3 hivi, na mvinyo mwekundu uliokusudiwa kukomaa kwenye mapipa huhitaji mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuuzwa. Mtaji unaoisha katika mwaka wa 2 haufiki popote. Kwa hiyo nashauri miaka ya mwanzo ununue zabibu kwa wakulima wengine, ujifunze kazi ya kiwandani kwa mizigo midogo, na mkataba wenu ulipe kwa kiwango cha sukari na afya ya vichala, si kwa uzito peke yake. Mkulima anayelipwa kwa uzito tu hana sababu ya kupunguza vichala.

Unapopanda, chagua miche iliyobebeshwa juu ya shina linalostahimili filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, ambaye aliangamiza mashamba mengi ya Ulaya katika karne ya 19. Pogoa kila mwaka bila huruma, kwa kuwa mti ulioachiwa macho mengi, yaani sehemu zinazochipua, huzaa vichala vingi vyenye ladha hafifu. Ondoa majani machache yanayofunika vichala ili upepo upite, maana ubwiri unga na kuoza hupenda mahali penye unyevu uliotuama. Dawa yoyote unayopuliza, heshimu siku zilizoandikwa kati ya kupuliza na kuvuna, kwani salfa, dawa ya ukungu, ikiwa nyingi na kubaki kwenye maganda inaweza kuleta harufu ya mayai viza wakati wa uchachukaji.

Uamuzi mzito kuliko yote ni siku ya kuvuna, kwa sababu zabibu ikishakatwa haiivi zaidi. Kuanzia wiki tatu kabla, chukua punje kutoka pande zote za shamba, za juani na za kivulini, uzikamue pamoja na upime sukari kwa refraktomita na ukali kwa kipimo cha pH. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo ukipima unajua mvinyo utakuwa na nguvu kiasi gani. Hata hivyo vipimo peke yake havitoshi. Tafuna ganda, kisha pasua mbegu: ikiwa bado ni ya kijani na inakausha ulimi, mvinyo mwekundu utarithi ukakasi huo. Ukishaamua, vuna alfajiri, tumia kreti zisizo na kina kirefu ili zabibu za chini zisipondwe, na zifikishe kiwandani siku hiyohiyo.

Kiwandani, usafi ndiyo nusu ya kazi. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza na juisi ikachachuka bila maganda, kwa kawaida kati ya nyuzi 12 na 18 za Selsiasi, ili harufu isipotee. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda, nyuzi 25 hadi 30, na tabaka la maganda linaloelea juu lizamishwe mara mbili au tatu kila siku, la sivyo hukauka na kualika bakteria wa siki. Andika joto na kiwango cha sukari kila asubuhi na jioni. Sukari ikiacha kushuka kabla ya kwisha, dalili hiyo ishughulikiwe siku hiyohiyo.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Uchachukaji hutoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama ndani ya matangi na kwenye vyumba vya chini. Mtu huzimia bila onyo, na anayekimbilia kumwokoa huanguka pia. Weka feni na kifaa cha kupima hewa hiyo, na usimruhusu yeyote kuingia tangini peke yake.

Baada ya hapo, adui ni oksijeni. Jaza mapipa hadi juu kila wiki au mbili, hamisha mvinyo ukiacha mashapo, na pima salfa inayoulinda mvinyo kabla ya kuiongeza. Usifunge chupa mpaka uhakikishe kuwa sukari imekwisha au hamira imechujwa, maana chupa inayochachuka dukani hupasuka.

Katika mauzo, mgeni anayeonja kiwandani kwako na kuondoka na katoni moja hukuachia faida kubwa kuliko msambazaji, anayehitaji punguzo. Hata hivyo usimtegemee mmoja tu. Hoteli na mikahawa hununua mwaka mzima, ilimradi uwapelekee kwa tarehe mliyokubaliana. Leseni ya kilevi na masharti ya lebo yashughulikiwe mapema, kabla hata ya kuagiza chupa. Mwishowe, tenga katoni mbili za kila toleo zisizouzwa, ufungue chupa moja kila baada ya miezi 6: mteja akirudisha chupa iliyoharibika, utajua kama kosa lilianzia kwako au kwenye joto la ghala lake.