Kuchota miamba kwenye kipande cha bara kilichozama

Vilima vya Batavia na Gulden Draak, chini ya bahari magharibi mwa Perth, Australia, vilidhaniwa ni vya volkano hadi 2011, kapu la kukokotwa na meli lilipopandisha graniti na naisi, miamba ya bara. Ramani peke yake haitoshi: lazima ushike jiwe mkononi.

Anza na kipimamwangwi cha miale mingi, kifaa kinachochora sakafu ya bahari kwa sauti. Tafuta ukingo wenye mwinamo wa nyuzi 25 au zaidi. Penye mwinamo mdogo tope hufunika mwamba na kapu hurudi na matope matupu.

Shusha kapu la minyororo hadi chini ya mteremko, kisha kokota kuelekea juu, meli ikienda polepole, fundo 1 au chini yake. Macho yasitoke kwenye kipimo cha mvuto wa waya. Mvuto ukiruka na kushuka ghafla, mwamba umevunjika. Ukipanda bila kushuka, kapu limenasa: simamisha meli, rudi nyuma, vuta ukiwa juu yake. Kiungo dhaifu kiwe kimefungwa tangu mwanzo, kikatike kabla ya waya; waya ukikatika kwenye sitaha unaua.

Usihukumu jiwe kwa rangi ya nje. Ganda jeusi la manganizi hulifanya graniti lifanane na basalti, mwamba wa volkano, kwa hiyo kata kwa msumeno wa almasi. Upande uliovunjika upya, usio na ganda, unaonyesha limetoka hapo hapo. Jiwe la mviringo lililofunikwa pande zote litilie shaka. Huenda liliangushwa na barafu iliyoelea.