UPDATE inayosuasua: tazama kwanza mstari unatafutwaje

Ofisi moja ya kuondosha mizigo hapa Shimanzi iliniita. Karani akibonyeza kitufe cha kubadilisha hali ya kontena, huagiza kahawa chungu, akaimaliza, na skrini bado inazunguka. Walikuwa mbioni kununua seva mpya. Nikawaomba wangoje kidogo. Hifadhidata yao ni PostgreSQL, na kitufe hicho hutuma UPDATE, amri ya kubadilisha mstari wa jedwali.

Hatua ya 1: pima

```
BEGIN;
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
UPDATE makontena SET hali = 'imetoka'
WHERE upper(namba) = 'ABCU1234567';
ROLLBACK;
```

Usisahau ROLLBACK, ndiyo inayotengua mabadiliko. ANALYZE haikisii, huitekeleza amri kweli kweli.

Hatua ya 2: soma jibu

Ukikuta "Seq Scan", jedwali zima linasomwa kwa ajili ya kontena moja. Cha ajabu, indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) ya namba walikuwa nayo! Ila ile upper() iliifanya isifae kitu, kwani indeksi imepanga namba zenyewe, si matokeo ya upper(). Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7. Zigeuze herufi kubwa zinapoingizwa, kisha uiondoe upper(). Kama programu si yako kuigusa:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY ON makontena (upper(namba));
```

Wenzako wataendelea kuandika kwenye jedwali wakati indeksi ikijengwa. Usiiweke tu ndani ya BEGIN, itakataa.

Hatua ya 3: usiandike kisichobadilika

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua. PostgreSQL haifuti ikaandika juu yake. Kila UPDATE huandika nakala mpya ya mstari, na ile ya zamani hubaki hadi VACUUM, kazi ya kusafisha nakala zilizokufa, ipite, hata kama thamani ni ileile. Kazi yao ya usiku ilikuwa ikiandika upya makontena yote. Niliongeza mwishoni mwa WHERE:

```
AND hali IS DISTINCT FROM 'imetoka'
```

Ukitumia <> (si sawa na) utairuka mistari yenye NULL, yaani isiyo na thamani.

Hatua ya 4: punguza indeksi

Kuna mtu aliweka indeksi kwenye safu ya hali, "huenda ikafaa". Safu inayobadilika kutwa, haitafutwi na mtu, na kila badiliko lazima liandikwe kwenye indeksi pia. Niliitoa.

Hatua ya 5: bado nzito?

Basi huenda inangoja kufuli, yaani mstari umeshikwa na mwingine.

```
SELECT pid, state, pg_blocking_pids(pid)
FROM pg_stat_activity
WHERE wait_event_type = 'Lock';
```

Chukua pid (namba ya mchakato) inayozuia, uitafute humohumo pg_stat_activity. Kwetu ilisomeka "idle in transaction", yaani muamala uko wazi na hakuna kinachofanyika: mtu wa godauni kafungua fomu, hakuihifadhi, kaenda kula.