Printi pete kwanza
Wadogo zangu mnaojifunza kuchora 3D hapa Dodoma, msianze na maghorofa jamani, chukueni kitu kipo jikoni, mfano kifuniko cha kopo la chumvi. Pima mdomo wa kopo kwa vernia (kile kifaa cha kupimia upana kwa usahihi), ukisoma milimita 60 usichore tundu la kifuniko 60 kamili maana likitoka kwenye printa ya 3D (ile inayotengeneza vitu vya plastiki) haliingii hata ulazimishe vipi, weka 60.3 hivi ndo linakaa. Halafu usiprinti kifuniko chote, kata mchoro wake kwenye FreeCAD (programu ya kuchora 3D, ni ya bure kabisa) ibaki pete ya kimo cha milimita 4 tu, inatoka chap unaivalisha hapohapo, ikibana ongeza 0.1 urudie. Plastiki ni ghali, nimeshatupa vifuniko vizima kwa kuruka hatua hii.