Kupima mianya inayonasa vidole vya watoto

Mimi ni mkaguzi wa bidhaa za watoto, na kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye kigari cha kusukumia mtoto ni mwanya wa kati. Mwanya mwembamba hauingizi kidole. Mpana hukiingiza na kukitoa. Wa kati hukiingiza kisha hukishikilia.

Andaa fimbo mbili za chuma, nyofu na zenye ncha ya mviringo: ya milimita 7 na ya milimita 12. Ndivyo vipimo vya EN 1888, kiwango cha Ulaya cha vigari vya kusukumia watoto. Pitisha ya 7 kwenye kila tundu na mwanya usiosogea, ukisukuma kwa nguvu isiyozidi niutoni 30, takriban uzito wa kilo 3. Ikizama milimita 10 au zaidi, jaribu ya 12 palepale. Ya 12 ikigoma, umepata mtego. Tafadhali usipime kwa kidole chako: kidole cha mtu mzima kitagoma mahali ambapo cha mtoto kinazama bila shida.

Chunguza pia chini ya kiti na nyuma ya egemeo. Mtoto hupapasa asipopaona.

Bawaba ndizo zinazoniumiza roho zaidi. Novemba 2009 kampuni ya vigari ya Maclaren ilitangaza wito wa kurekebishwa kwa vigari takriban milioni 1 nchini Marekani, baada ya taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba za kukunjia. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya kuziba bawaba hizo. Kwa hiyo usipime kigari kikiwa wazi kabisa na kikiwa kimekunjwa, ukaishia hapo. Kikunje polepole, simama kila kinaposogea kidogo, pima tena. Bawaba inayopitisha fimbo ya 12 ikiwa wazi huweza kubana hadi 6 katikati ya safari.

Kisha finyanga udongo laini wa kuchezea uwe mwembamba kama kidole cha mtoto, uweke kwenye mwanya, ukunje. Ukikatika, vyuma vinapishana kama mkasi, ukibapatika, vinakandamiza. Rudia kiti kikiwa na mzigo wenye uzito wa mtoto, maana fremu hulegea na mianya hubadilika.

Kwenye ripoti, piga picha fimbo ikiwa imenasa, na uandike kigari kilikuwa kimekunjwa kiasi gani, ili fundi wa kiwandani aweze kuufikia mwanya uleule.